Mawe ya Newark: Je, Kweli Yataka Shahidi wa Uongo?

Wako Wakristo wafurahio kusikia ya kwamba huko Amerika yalionekana mawe yenye maandiko ya Kiebrania cha kale, hata wasema, "Tazameni, Biblia imethibitika." Nasi twawauliza: Na jiwe likiwa la uongo, je?

Mwaka 1860 mpima ardhi mmoja, David Wyrick, alichimba karibu na mji wa Newark katika jimbo la Ohio, penye maboma makubwa ya udongo ya watu wa kale. Mwezi wa Juni akapata jiwe lenye maneno ya Kiebrania. Wenye elimu wakasema, Herufi hizi si za kale. Basi mwezi wa Novemba likaonekana jiwe la pili, lenye Amri Kumi na sura ya mtu mwenye ndevu, na jina la Musa juu yake. Na mara hii herufi zilikuwa za namna ngeni, mfano wa kale! Jiwe lijualo kujibu hoja upesi hivi latutia mashaka. Wachunguzi walio wengi wayahesabu yote mawili kuwa ya kughushiwa.

Yalifanywa kwa nini? Siku zile, kabla ya vita vya mwaka 1861, wako wataalamu waliofundisha ya kwamba mataifa hayana asili moja, na kwa mafundisho hayo utumwa ulitetewa. Kama wenyeji wa Amerika wangeonekana kuwa uzao wa Israeli, hoja hiyo ingedhoofika. Wachunguzi wengine wadhani mawe yalichongwa kwa shabaha hiyo. Hapo ndipo penye ugumu. Sisi ambao babu zetu waliuzwa sokoni kama mbuzi, je, twaweza kumlaumu mtu huyo?

Twamlaumu, ingawa kwa huzuni. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama watamtetea Mungu kwa udanganyifu, wala hawakuwa na jibu. Na Paulo alipowahubiri Waathene umoja wa wanadamu wote, hakuchonga jiwe kwanza.

Tena, uongo ule uliwaibia watu. Maboma ya Newark yalijengwa na wazee wa wenyeji wa Amerika wenyewe, yapata miaka 2000 iliyopita. Atiaye Kiebrania humo awanyang'anya kazi ya mikono yao. Hila hiyo twaijua. Kuta za Zimbabwe nazo walipewa Wafoinike na Malkia wa Sheba, na hata baada ya Bibi Gertrude Caton-Thompson kuchimba huko mwaka 1929 na kuonyesha kwamba ni kazi ya Waafrika, wako waliokataa kusadiki.