Moto wa Makaa Ufukweni

Huenda umeamka na hofu ya kushindwa tena: mtihani unaourudia, au duka lililofilisika mwaka jana. Mimi asubuhi hii namkumbuka Petro. Alikuwa akiota moto wa makaa alipomkana Bwana wake Yesu, mara tatu, akatoka akalia kwa uchungu. Injili ya Yohana, sura ya 21, inatuonyesha amerudi ziwani Tiberia. Usiku kucha, nyavu tupu. Kulipopambazuka yeye na wenzake wakavua samaki 153, na ufukweni Yesu alikuwa na moto tayari. Wa makaa, tena! Petro hakusomewa mashtaka pale. Alilishwa kwanza, mkate na samaki. Ndipo akaulizwa habari ya upendo, mara tatu, akakabidhiwa kondoo.