Upande wa Pili wa Santuri

Wimbo ninaourudia usiku watoto wakishalala hauna ngoma wala besi. Ni gitaa moja la umeme na mwanamume anayeimbia mashine ya kurekodi ujumbe wa simu, kwa sababu anayempigia hapokei. Sauti inamkwama, kisha anaipaza mpaka inakaribia kukatika. Unaitwa "Answering Machine", nao ndio unaofunga albamu ya mwaka 1984 ya The Replacements, bendi ya panki ya Minneapolis, Marekani.

Ukianzia hapo huwezi kuamini walikotoka. Albamu yao ya kwanza, ya 1981, ina nyimbo 18 zinazokwenda mbio kama daladala iliyokatika breki. Mpiga besi, Tommy Stinson, alikuwa na miaka 14 tu. Jukwaani walilewa, wakavuruga nyimbo zao wenyewe kwa makusudi.

Watu husema walikua, wakalainika. Mimi naamini ulaini ulikuwemo tangu mwanzo. Geuza santuri yao ndogo ya kwanza, ya mwaka huohuo wa 1981: upande wa pili yumo mwimbaji wao, Paul Westerberg, na gitaa kavu, anaimba upweke wake polepole. Aliuweka upande ambao wengi hawaugeuzi.

Hapo ndipo ninapojiona. Kwetu mvulana alijua kugomba kabla hajajua kusema "nimekukumbuka". Baba alipougua niliwafokea manesi, nikagombana na ndugu zangu juu ya nauli na dawa; nikifika kitandani kwake nazungumzia mpira. Neno nililokuwa nalo moyoni nilimwambia kaburini, mikono yangu ikiwa na udongo.

Lakini simsahau Bob Stinson, kaka yake Tommy, mpiga gitaa. Kelele ndiyo iliyokuwa lugha yake, na kadiri nyimbo za taratibu zilivyoongezeka ndivyo nafasi yake ilivyopungua. Ulevi nao ulimwandama. Mwaka 1986 aliondolewa kwenye bendi. Mwaka 1995 akafariki dunia, ana miaka 35. Mwenzake Westerberg alipata maneno ya kuyatoa yaliyomo moyoni. Bob aliyaacha ya kwake ndani ya gitaa, katika zile nyimbo za mwanzo zinazopita upesi mno, na siku hizi nikizisikiliza napunguza sauti kidogo ili nimsikie yeye.