Tujichunguze mbele ya kutaja mchawi



Masomo yetu ni Matayo 1:18-25 na Zaburi 139:23-24.

Wenye elimu wanasema kwamba ndani ya mtu mna akili nyingine iliyofichika, inayofanya kazi bila mwenyewe kujua. Daktari Sigmund Freud wa Vienna alieleza jambo hilo katika kitabu chake juu ya ndoto, chenye mwaka 1900. Lakini tangu zamani Daudi alimwomba Mungu auchunguze moyo wake, maana mwenyewe hakuweza kuuona wote. Na Petro, alipoapa kwamba hatamkana Bwana, hakusema uongo. Hakujua tu woga uliolala ndani yake. Jogoo ndiye aliyemwamsha.

Sisi tunaowaandikia, jambo hili limetupata. Nyumbani mwetu tunalea mtoto wa marehemu ndugu yetu. Usiku mmoja tuliota mtoto huyo amekaa juu ya kifua chetu, tukakosa pumzi. Asubuhi tukasema: huyu ni mchawi. Tulikuwa tayari kumpeleka mbele ya kanisa. Mama mmoja wa maombi akatuuliza neno moja tu: "Baba shemasi, mtoto huyu anasoma?"

Tukanyamaza. Feza ya masomo aliyoachiwa na baba yake, tulikuwa tumenunua nayo mabati ya nyumba yetu. Mchana hatukuifikiri hata kidogo. Usiku ikaja kutukalia kifuani.

Je, Mungu hasemi kwa ndoto? Anasema! Lakini tazameni Yosefu. Alitaka kumwacha Maria. Ndoto ikamwambia ampokee. Ndoto ile ya Mungu ilimwingiza mtu nyumbani, haikumfukuza.

Kwa hiyo, mpendwa, ukiota ndugu yako anakutendea mabaya, usikimbilie kutaja jina lake. Piga magoti kwanza, uulize: mimi nimemtendea nini? Hata Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Tusingoje askari atufundishe yale ambayo Roho anatufundisha.

Sehemu ya mabati tumeuza. Mtoto yuko darasani. Deni letu kwake halijaisha, mtuombee.

Bwana awabariki. Amina.