TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Mvumo unaousikia peke yako



Leo tuzungumze habari ya gari. Una gari la miaka ishirini hivi. Siku hizi likichanganya mwendo unasikia mvumo chini, na ukiongeza mwendo nao unaongezeka. Ukikata kona kushoto unazidi, ukikata kulia unapungua. Fundi atakuambia huenda ni beringi ya gurudumu la kulia. Lakini gari si linatembea? Na pesa ya Idi inahitajika. Basi unasema, "Tutaangalia baada ya Idi, Mungu yupo."

Ni kweli Mungu yupo. Lakini hiyo ni tawakkul, au ni kukwepa tu? Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndio amtegemee Allah. Hilo tunalijua sote. Ugumu ni kwamba kamba ya ngamia inaonekana, beringi haionekani.

Wengine watasema, badilisha zote nne leo leo. Hapana, woga nao si dini. Beringi za magari mengi madogo zimezibwa kiwandani. Hazitiwi grisi, na kuing'oa iliyo nzima kunaweza kuiharibu. Zile za kufunguka, kama za mbele kwenye pikapu nyingi za zamani, husafishwa, hupakwa grisi mpya na kukazwa kwa kipimo. Lakini zikifunguliwa ovyo mchanga ukaingia, umenunua ubovu kwa pesa yako. Kutupa kilicho kizima ni israfu.

Basi wajibu ni upi? Ni kutazama. Gari lipigwe jeki mahali pa tambarare, tairi lishikwe juu na chini, litikiswe. Linacheza? Lizungushwe kwa mkono. Linakwaruza? Kama hapana na fundi ameridhika, safiri, na hapo ndipo tawakkul inapoanza. Kama ndiyo, usingoje Idi. Beringi iliyokwisha hupata moto, na mwisho wake gurudumu linaweza kukwama au kuchomoka njiani.

Utasema, "Gari langu, roho yangu." Ndugu yangu, hata roho yako ni amana. Na je, watoto wa jirani unaowapakia kwenda tarawehe? Mama mkwe unayempeleka Tanga kwa sikukuu? Wao wamekubali safari, hawakukubali hatari usiyowaambia. Jipime hivi: ungewaambia ukweli wote kuhusu ule mvumo, wangepanda? Kama unaogopa kuwaambia, jibu unalo.

Na kama pesa haipo kabisa? Gari lipumzike, mpande daladala. Kukosa pesa ni udhuru wa kutotengeneza. Si udhuru wa kupakia watu.

Hata kusema "sikujua" hakutusaidii, ikiwa hatukujua kwa sababu hatukutaka kutazama.

Mchana huu utatia udhu, maji yatafika mdomoni, na hakuna mtu atakayejua ukimeza. Humezi, kwa sababu Allah anajua. Mvumo ule nao wausikia wewe na Mola wako anaujua. Swaumu inayotuzuia tone la maji ituzuie pia kujifanya viziwi.

Allah atukubalie funga zetu na awalinde wasafiri wetu. Amin.

Mtumie na dereva mmoja unayemjua.