Hodi Kutoka Angani

Katika Unyanyembe ya karne ya 19 nyumba ya mtu mwenye uwezo ilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa la bapa lililofunikwa udongo vile vile, na vyumba vilivyouzunguka ua wa mraba. Nyumba hiyo ilijengwa kwa hadhari. Njia ya misafara ilipita hapo kutoka pwani ya Bagamoyo hata Ujiji, nayo ilileta nguo na shanga, pembe na watumwa, wageni na vita. Kwa hiyo mjenzi alijikinga pande zote nne. Upande wa tano, ule wa juu, aliuacha wazi. Hapo jua liliingia kukausha nafaka, na hapo wenye nyumba walikaa pasipo macho ya wapita njia. Mjenzi hakukosea hesabu. Juu hapakuwa na mtu wa kuogopwa. Palikuwa na ndege warukao, na Mungu ambaye hafichwi kitu.

Hesabu hiyo leo imebadilika. Mtu mwenye fedha kidogo aweza kuunda eropleni ndogo kwa povu gumu, lile lifungwalo ndani ya masanduku ya redio na runinga. Huitia mota ndogo ya umeme, betri, na chombo cha kupokea amri kwa mawimbi ya redio. Tumboni mwake hufunga kamera nyepesi, au simu iliyokwisha kutumika, ikitazama chini na kulala juu ya kipande cha sponji kizuiacho mtetemo. Nayo huamriwa kupiga picha kila baada ya sekunde chache. Huirusha asubuhi kabla upepo haujaamka. Huipitisha katika mistari iliyo sambamba, kama mkulima apigaye matuta, ili kila picha ilalie sehemu ya picha ya jirani yake. Kisha kompyuta huziunganisha picha hizo zikawa ramani moja. Kazi ambayo zamani ilihitaji hazina ya serikali sasa yafanyika kwa akiba ya mwalimu mmoja. Tanzania vyombo vya jamaa hii vimepewa jina la ndege nyuki.

Maswali ya ufundi yana majibu yake, na mwenye subira huyapata. Swali la maadili ni gumu zaidi. Je, kuonekana kwa kitu ni idhini ya kukitazama? Na swali la pili limefungamana nalo: je, aliyetazama kutoka juu ameona?

Tamaa ya kutazama kutoka juu si mpya. Mwaka 1858, mwaka ule ule Speke alipoondoka Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa na wasafiri wale, akaenda kaskazini hata Nyanza, Mfaransa aitwaye Nadar alipanda puto karibu na Paris akapiga picha ya nchi iliyo chini yake. Mwaka 1888 Mfaransa mwingine, Arthur Batut, alifunga kamera katika tiara, akapata picha pasipo kuondoa miguu yake ardhini. Huyu Batut ndiye babu wa jicho la maskini, kwani alionyesha kwamba kamera yaweza kupanda peke yake, na kwamba kinachohitajika ni uzi, upepo na akili. Lakini zilipokuja eropleni kubwa, jicho la juu likawa mali ya majeshi na serikali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndege za jeshi la anga la Uingereza zilipiga picha sehemu kubwa za Afrika ya Mashariki kwa ajili ya ramani. Aliyepigwa picha alisikia mngurumo, akainua kichwa, akarudi katika jembe lake. Picha yenyewe ilikwenda ofisini kwa watu wengine, nao wakaitumia kuamua mambo ya shamba lake.

Hasara ya kutazama namna hiyo haikuchelewa kudhihirika, na sehemu yake moja iliangukia nchi ya Tabora. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizuru Tanganyika kwa wiki 9, ukiitazama nchi kwa sehemu kubwa kutoka katika eropleni, ili kupima kama yafaa kwa kilimo kikubwa cha karanga. Ujumbe ulirudi na shauri la kufyeka ekari 3,210,000 kwa gharama ya mamilioni ya paundi. Mahali pakubwa pa kazi palikuwa patatu: Kongwa, Nachingwea, na Urambo, nchi ya Mirambo, magharibi ya Tabora. Kutoka juu pori lilikuwa tupu na tambarare. Kutoka chini pori lilikuwa na mizizi iliyovunja mitambo. Na udongo wa Kongwa, jua lilipouwakia baada ya mvua, ulikuwa mgumu kama tofali. Kuhusu mvua, Mgogo yeyote aliyezaliwa katika nchi ile ya njaa za mara kwa mara angaliweza kusema neno, laiti angaliulizwa na akasikilizwa. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilikuwa kama paundi milioni 36. Si haki kusema kwamba eropleni ndiyo iliyodanganya. Eropleni ilisema kweli yake yote: hapa miti, hapa tambarare, hapa hapana mji. Kosa lilikuwa la wasikilizaji waliodhani kwamba kweli hiyo yatosha.

Yawezekana mtu akajibu kwamba macho ya 1946 yalikuwa mabovu, na kwamba kamera za leo hazikosi kitu. Jibu la neno hili limepatikana katika nchi ile ile ya magharibi. Mwaka 2012 wanasayansi Lian Pin Koh na Serge Wich walieleza jinsi walivyounda ndege ndogo ya kupiga picha kutokana na eropleni ya mchezo, kwa gharama isiyofika dola 2,000 za Marekani, wakaijaribu katika misitu ya Sumatra. Kati ya 2015 na 2016 watafiti, Wich akiwa mmoja wao, walizijaribu ndege mbili zenye mabawa katika bonde la Issa, katika miombo iliyo magharibi ya Tabora kuelekea Ziwa Tanganyika. Walitaka kujua kama viota vya sokwe vyaweza kuhesabiwa kutoka angani. Walichagua vipande 22 vya ardhi, kila kimoja meta 50 kwa 500. Watu wakapita chini kwa miguu wakihesabu, na ndege zikapita juu zikipiga picha. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalikuwa haya: kwa wastani, katika kila viota 100 vilivyoonwa na watembea kwa miguu, ndege iliona 10.

Hii si aibu kwa ndege, wala wenye utafiti hawakuidharau. Sokwe wa Tanzania wameenea katika zaidi ya kilometa za mraba 20,000, na hakuna miguu itakayozimaliza. Walakini tarakimu hiyo ni funzo kwa kila atazamaye kutoka juu. Aliyebaki angani angeliapa kwa moyo safi kwamba msitu una viota 10, na asingekuwa mwongo. Angekuwa amekosa tisa katika kila kumi kwa sababu hakushuka.

Utafiti huo una neno jingine, na hilo ndilo kiini cha taabu. Katika mambo yote yaliyopimwa, yaani msimu, namna ya msitu, kimo cha kiota na rangi yake, lililoleta tofauti ya hakika lilikuwa moja tu: ukali wa picha. Kadiri picha ilivyokuwa kali ndivyo kiota kilivyoonekana. Basi elimu yataka ukaribu. Lakini adabu, pale penye watu, yataka umbali. Picha yenye nukta 4,000 kwa upana, ikifunika meta 100 za ardhi, huonyesha kwa kila nukta sentimeta 2.5. Kwa ukali huo uso wa mtu hautambulikani, lakini khanga iliyoanikwa hutambulikana, na mtu ajuaye nyumba zile aweza kusema ni nani aliyekaa uani, na saa ngapi. Picha hiyo hiyo ikifunika meta 200, kila nukta ni sentimeta 5, na kichwa cha mtu kimekuwa nukta chache tu. Waungwana hufundishwa kuinamisha macho wapitapo penye ua wa watu. Ajabu ya eropleni ni kwamba huinamisha macho yake kwa kupanda. Na mwenye kamera duni asihuzunike: kwa ramani ya mashamba uduni wake hauharibu kazi, na kwa jirani ni stara.

Sasa yafaa kumsikiliza mtetezi wa jicho la bei nafuu, maana hoja yake ni nzito. Husema: kwa miaka mingi wakubwa peke yao walitazama, na wadogo walitazamwa. Kijiji kilipogombana na kampuni juu ya mpaka, kampuni ilileta ramani na kijiji kilileta wazee. Na hakimu huamini karatasi. Leo kijiji chaweza kuwa na karatasi yake. Zanzibar, tangu 2016, visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa ndege ndogo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Nchi ikajipiga picha kwa mikono ya watoto wake. Je, ni adili kumnyima maskini silaha hii kwa ajili ya khanga iliyo kambani?

Hapana, si adili. Lakini unafuu wa bei una pande mbili. Jicho la serikali lilikuwa na jina na lilikuwa na mlango wa kubishiwa. Aliyedhulumiwa alijua aende wapi. Jicho la bei nafuu halina jina wala mlango. Likiwa mkononi mwa kijiji ni haki. Likiwa mkononi mwa mtu mpekuzi ni dhuluma. Na kutoka chini yote mawili huonekana sawa, alama ndogo ivumayo mbinguni.

Sheria imeweka mipaka yake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 yatambua haki ya mtu kuheshimiwa nafsi yake, familia yake na unyumba wake. Kanuni za 2018 zadai idhini kwa urushaji wa ndege zisizo na rubani. Na sheria ya 2022 yalinda taarifa binafsi. Hizi ni nguzo, na kila mrushaji hana budi kuzijua. Lakini sheria husema nani aruke na wapi. Haimfundishi mtu namna ya kutazama. Kazi hiyo ni ya adabu, na Waswahili wana neno lake tangu kale: hodi. Mlango ukiwa wazi, mgeni hupiga hodi. Uwazi wa mlango si karibu. Karibu hutoka kinywani mwa mwenyeji. Asipojibiwa mara ya tatu, mwungwana huenda zake. Kama mlango ulio wazi wataka hodi, ua ulio wazi juu wataka vile vile.

Atatokea wa kuuliza: je, hodi yapigwa hata kwa mwizi? Msitu wa Tabora waliwa. Tumbaku, iliyoshika Urambo baada ya karanga kushindwa, hukaushwa kwa moto wa kuni, na moto huo hula miombo kila msimu. Mwenye kukata kwa siri akipigiwa hodi atakimbia. Jibu ni kwamba hodi haipigwi kwa mtuhumiwa. Hupigwa kwa mwenye mahali. Mwenye msitu wa kijiji ni kijiji, na mkutano wake ndio wa kuulizwa. Mwenye ua ni aliye uani. Tena picha ikisha kuonyesha kovu msituni, bado haijasema chochote juu ya aliyelifanya: kama alikuwa tajiri mwenye tamaa, au mkulima mwenye deni la mbolea na watoto wa shule. Hayo hayaonekani kutoka meta 100 wala kutoka meta 10. Huonekana kwa kuketi na mtu. Ahukumuye kwa picha peke yake amerudia kosa la karanga, ila safari hii kwa gharama ndogo.

Warina asali wa miombo wamjua ndege aitwaye mlembe. Yeye hujua mzinga ulipo kabla ya mtu, huita, huruka mti kwa mti, na mtu humfuata kwa miguu. Mlembe hawezi kuufungua mzinga, na mtu hawezi kuuona. Basi hushirikiana, na mrina mwenye adabu humwachia ndege kipande cha sega. Ushirika wa namna hiyo ndio unaompasa mwenye kamera angani na watu walio chini yake: aombe ruhusa kabla ya kurusha, ashuke aulize maana ya alichokiona, na picha aliyoipata aiache nakala yake kwa wenye nchi. Asiyeweza kutimiza hayo, na atunze povu lake na betri yake mpaka ajifunze. Mota ndogo yaweza kungoja.