Subira ya Mama Si Amri Yetu

Katika unyago wa pwani ya Lindi, kungwi humfunda mwali jinsi ya kuipokea hedhi inapoanza. Lakini hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, ni nani amfundaye mama? Pale Mtanda, mjini Lindi, mama akiamka usiku nguo zimelowa jasho, ni rahisi kuambiwa kwamba ni joto la pwani, au ni malaria. Akikosa usingizi na kuwa mwepesi wa hasira, husemwa kuwa amebadilika tabia. Akilalamika, hujibiwa: "Ndiyo maumbile, vumilia."

Twauliza: je, ni haki kumwagiza mwenzetu uvumilivu usiotugharimu sisi kitu? Subira ni wema mkubwa, lakini ni wake ateswaye kuichagua, wala si yetu kumtwika. Tena asiyejua kwamba dawa ipo hakuchagua kuvumilia. Amenyimwa habari tu. Kufifia kwa macho nako ni maumbile, wala hatumkatazi babu miwani.

Dawa yenyewe ni homoni ya estrojeni, ambayo mwili wa mama hupunguza kuitengeneza wakati huo. Mwenye mji wa mimba huongezewa projestojeni, ili mji huo ukingwe na saratani. Ni kweli kwamba mwaka 2002 uchunguzi wa Marekani juu ya wanawake zaidi ya 16,000 ulionyesha kwamba vidonge vya homoni hizo mbili vyazidisha hatari ya saratani ya matiti na kiharusi. Wengi wakaviacha kwa hofu. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Leo madaktari wengi wakubali kwamba kwa mama mwenye afya asiyetimiza miaka 60, au ambaye hedhi yake ilikoma chini ya miaka 10 iliyopita, faida kwa kawaida hupita hatari. Aliyepata kuugua saratani ya matiti, kiharusi, au kuganda kwa damu mishipani, kwa kawaida haimfai. Kwake yeye kuna tiba nyingine za kumtuliza.

Basi yatupasa sisi waume na watoto tusimlazimishe mama kuitumia dawa hii, wala tusimkataze. Tumpeleke kwa daktari apimwe, aulize, kisha achague mwenyewe. Na akichagua kustahimili, tumpokee mtungi na jembe. Hapo ndipo subira yake itakuwa subira kweli, nasi tutakuwa na sehemu yetu ndani yake.