Uhuru chini ya bahari: falsafa ya siasa katika BioShock

Mchezo wa video wa BioShock, uliotoka mwaka 2007 chini ya uongozi wa Ken Levine, unampeleka mchezaji mwaka 1960 ndani ya Rapture, mji uliojengwa chini ya bahari ya Atlantiki. Mwasisi wake, tajiri Andrew Ryan, aliikimbia Urusi ya Kikomunisti akitafuta mahali ambapo serikali wala dini haitamdai mtu jasho lake. Jina lake linamkumbusha msomaji Ayn Rand, mzaliwa wa St Petersburg, aliyewapeleka wenye vipaji kwenye bonde la siri katika riwaya yake ya mwaka 1957, Atlas Shrugged. Bonde la Rand linastawi. Rapture inavuja maji na kunuka maiti.

Sababu ni nzito. Hata mji wa matajiri unahitaji wa kufua na kuzibua mabomba, na hao hawakutengewa kitu. Mshindani alipomzidi nguvu, Ryan, mtetezi wa soko huria, alitaifisha kampuni ya mshindani huyo. Wafanya magendo walinyongwa.

Kilele ni mahali ambapo mchezo huu unaipita riwaya. Jack, anayeongozwa na mchezaji, amepandikizwa fungu la maneno ya upole yanayomlazimisha kutii. Ryan anampa fimbo ya gofu, anayatamka maneno hayo, kisha anamwamuru amuue. Vitufe havifanyi kazi tena. Mchezaji anatazama tu mkono ukipiga, akigundua kwamba tangu mwanzo kila alichodhani amekichagua alikuwa ameamriwa.